Siku Mosoti Alipopiga Makofi Peke Yake

Mbele ya kibanda cha chai cha Wamuyu, pale Chepilat, kuna benchi refu la mbao lililoegemezwa ukutani chini ya mabati. Saa kumi jioni, majani ya chai yakishapimwa na lori la kiwanda likishaondoka, wenye benchi hufika. Kuna Gitonga, muuza spea za pikipiki, anayeitwa Refa kwa sababu zamani alichezesha mechi za shule za msingi na mpaka leo hajakubali kwamba alistaafu. Kuna Kipkirui, karani wa kituo cha kununua majani, anayeitwa Kilo. Na kuna Mosoti, fundi cherehani wa miaka sitini na minne, ambaye tangu Oktoba iliyopita anaitwa Amerika. Alikwenda Minnesota wiki sita kumtembelea binti yake Nyanchama, ambaye ni muuguzi huko, na Jumamosi moja binti huyo akampeleka uwanjani kutazama mpira wa Wamarekani.

Kwa miezi mitano Mosoti alikuwa ameisimulia Jumamosi hiyo mara nyingi, na kila mara ilinenepa. Mwanzoni alisema tu kwamba uwanja ulikuwa mkubwa. Kufikia Krismasi, watu wa uwanjani walikuwa wengi kuliko wa miji ya Sotik na Kericho ikiwekwa pamoja. Kufikia Februari, mpira ulikuwa umerushwa ukamwangukia kifuani na yeye akaudaka. Wenzake walicheka na kumwongezea chai. Hawakujua kwamba uongo wote ule alikuwa akiushona mahali pamoja, kiraka juu ya kiraka, ili tobo lililokuwa chini yake lisionekane.

Siku ninayoisema mvua ilinyesha mapema. Mama mmoja mgeni, mwenye mtoto mgongoni na boksi la vifaranga mkononi, alikimbilia chini ya mabati kungoja gari la Kisii. Wamuyu akamsogezea nafasi mwisho wa benchi. Mazungumzo yalikuwa yamefika kwenye mpira wa Wamarekani, na swali la siku hiyo lilikuwa kwa nini umechongoka kama yai.

— Hiyo ni akili, alisema Refa. Ukidunda, hakuna mtu anajua unaenda wapi. Kwa hivyo refa hawezi kulaumiwa. Mimi ningekuwa Amerika, saa hii bado niko na filimbi.

Kilo alikataa. Kwa maoni yake siri haikuwa kwenye mpira, ilikuwa kwenye kupima. Si Amerika mwenyewe aliwaambia kwamba kuna watu wanaingia uwanjani na mnyororo, wanapima mahali mtu amefika, halafu ndio mchezo unaendelea?

— Hao ni makarani, alisema. Ule mchezo ulianzishwa na karani. Hakuna mtu mwingine angesimamisha watu kila dakika apime.

Refa akasema basi kama ni hivyo, zile helmeti wanazovaa wachezaji nazo zina redio ndani, na serikali yao ikitaka kuongea na mchezaji inaongea naye moja kwa moja hata akiwa amebanwa chini. Kilo akaongeza kwamba vijana wale huchaguliwa wakiwa bado wananyonya, wakapelekwa kulelewa mahali pao peke yao, na ndiyo maana hawasikii uchungu. Wote wawili wakamgeukia Mosoti aamue. Kwa kawaida angeamua bila wasiwasi. Siku hiyo alitazama tu kikombe chake.

Kilo akatoa simu. Alikuwa ametumiwa video na mpwa wake, akataka kuthibitisha hoja yake. Mchezaji alikuwa akikimbia na mpira kwapani, mwingine akaja kutoka ubavuni, wakagongana, na yule mwenye mpira akaanguka kama gunia linaloshushwa kwenye lori. Kilo akacheka akapiga makofi.

— Ona huyo. Kwisha yeye.

— Zima hiyo kitu, Kipkirui, alisema Mosoti.

Hakupaza sauti. Lakini hakuna mtu aliyewahi kumsikia akimwita Kilo kwa jina lake, na Kilo akaizima simu.

Mosoti aliweka kikombe chini. Halafu akasema kwamba hakuwahi kudaka mpira wowote, na akaanza upya.

Nyanchama alikuwa amechukua zamu za ziada ili siku ile awe huru. Alimnunulia baba yake skafu nyekundu ya chuo kilichokuwa kikicheza, akamfunga mwenyewe shingoni, na walipoketi akajaribu kumweleza. Mosoti hakuelewa. Mchezo ulikuwa ukikatika kila mara, watu wanaanguka rundo moja, wanainuka, wanasimama wakiongea. Alichoelewa ni kwamba mara kwa mara umati wote husimama na kushangilia. Basi naye akawa anasimama, lakini kila akisimama, wenzake wanaketi. Watu wa jirani wakaanza kumtazama wakitabasamu. Mzee mmoja akampigapiga begani kwa wema. Nyanchama naye akacheka, na Mosoti akacheka pamoja nao, lakini ndani iliuma. Hapa Chepilat hakuwa mtu wa kuchelewa kuelewa kitu. Akajiambia kwamba mara inayofuata atakuwa wa kwanza.

Kijana wa timu yao alipata mpira akakimbia upande wao. Adui mmoja akaja kwa kasi. Mgongano ule ulisikika mpaka juu walikoketi. Mosoti aliona kuna mtu ameanguka, akajua hicho ndicho walichokuja kuona. Akaruka juu. Akapiga makofi, akazungusha skafu, akapaza sauti kwa Kigusii kama mtu aliye arusini.

— Niliskia sauti yangu, aliwaambia. Niliskia ni yangu peke yake.

Uwanja mzima ulikuwa kimya. Chini, kijana alikuwa amelala bila kusogea, na wachezaji wa timu zote mbili walikuwa wamepiga goti. Nyanchama alikuwa akimvuta koti, akisema polepole, akimwita baba kwa Kigusii, "Tata, keti. Tata, tafadhali." Safu mbili mbele yao mwanamke mmoja aligeuka. Fulana yake ilikuwa na namba ileile ya kijana aliyelala chini. Alimtazama Mosoti bila hasira, kama mtu anayesikia kelele usingizini asijue inatoka wapi, halafu akageukia tena uwanjani.

— Mama yake, alisema Wamuyu.

— Mama yake, alikubali Mosoti.

Nyanchama aliinuka, akateremka zile safu mbili, akainama mbele ya yule mwanamke akimwambia pole. Mosoti alimwona binti yake mgongo tu, umeinama kwa sababu yake. Angeweza kumfuata. Kiingereza cha kusema pole alikuwa nacho. Badala yake alisema kwa sauti, bila kumwambia mtu yeyote, kwamba anaenda chooni, akatoka nje, akasimama kando ya gari la Nyanchama mpaka mchezo ukaisha.

Na hilo, alisema, silo baya zaidi. Njiani Nyanchama alimwambia kwamba halikuwa kosa lake, hakujua. Naye akamjibu mtoto huyo aliyekosa usingizi kwa ajili yake: "Si ni wewe ulinipeleka mahali sijui?" Binti aliwasha redio ya gari. Siku nne baadaye alimsindikiza kiwanja cha ndege. Tangu hapo, kwa simu, wameongea juu ya hali ya hewa tu.

Refa alikuwa akitazama viatu vyake. Kilo alisema kwamba mtu yeyote angekosea, kwamba hata wao wenyewe, halafu akaacha. Mvua ilikuwa ikipungua. Ndipo yule mama mgeni, ambaye hakuwa ametoa neno tangu afike, akauliza akiwa anamtikisa mtoto mgongoni.

— Na huyo kijana, aliamka?

Refa akamtazama Kilo. Kilo akamtazama Mosoti. Miezi mitano Mosoti alikuwa ameubeba mzigo huu usiku na mchana, na ndani yake alikuwa yeye tu. Hakuwahi kuuliza.

— Sijui, alisema.

Akainuka, akaenda nyuma ya kibanda, akampigia Nyanchama. Huko ilikuwa asubuhi, binti yake alikuwa ametoka zamu.

— Tata, kuna nini? Mama yuko sawa?

— Yuko sawa. Yule kijana wa uwanjani. Aliamka?

Alisikia Nyanchama akivuta kiti.

— Anatembea, alisema Nyanchama. Mguu mmoja bado ni mzito. Hatacheza tena. Alilazwa hospitalini kwetu, nilimwona kila wiki. Kisha akaongeza: Mama yake aliniuliza habari yako siku ileile, pale uwanjani. Alikuona ukitoka, akafikiri umeshikwa na ugonjwa. Alitaka kujua kama mzee amepata mtu wa kumsaidia.

Mosoti aliegemea mabati yenye maji. Alitaka kusema alichokuwa amepanga njiani kutoka kwenye benchi, hatua kumi tu, lakini hakikutoka kwa mpangilio.

— Uliinama kwa ajili yangu, alisema. Mimi nikakulaumu. Nisamehe, mwanangu.

— Nimesikia, Tata, alisema Nyanchama. Baadaye akasema: Ukitaka kumwandikia huyo mama, nitampelekea.

Aliporudi mbele, mvua ilikuwa imekatika. Refa na Kilo walisimama kama watu wanaosubiri daktari.

— Anatembea, aliwaambia.

Akageuka kumwambia yule aliyeuliza, lakini mwisho wa benchi palikuwa na kikombe kitupu tu. Gari la Kisii lilikuwa limepita, Wamuyu alisema, na yeye hakuwa amemuuliza jina.