Yonas Tluway Qamara, Aliyeitwa Mvua Vitani na Mtoro Nyumbani

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, na wageni wetu mliotoka Katesh, asalaam aleikum. Mimi ni Fransiska, mtoto wa kwanza wa marehemu. Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo makosa ya maandishi mtanisamehe. Yale yatakayowachoma sitayaombea msamaha. Nilimwuliza Baba Paroko kama ni dhambi kusoma wasifu nikiwa na hasira. Akaniambia, "Soma ukweli, mama. Hasira itakaa nyuma yake."

Marehemu Yonas Tluway Qamara alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 hapa Harqamo, wilaya ya Mbulu, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Qamara na Bibi Magdalena. Mwaka huo mvua ilichelewa mpaka watu wakaanza kuuza ng'ombe. Ilinyesha siku aliyozaliwa, na ndiyo maana babu akamwita Tluway. Hapa kwetu hakuna mtu, hata mtoto anayechunga ndama, asiyejua kwamba tluway ni mvua. Naomba mlishike hilo. Alibatizwa kwa jina la Yonas sikukuu ya Pentekoste ya mwaka huo huo.

Alisoma shule ya misheni upande wa Dongobesh kuanzia mwaka 1957 hadi 1960, akamaliza darasa la nne. Mwalimu wake alikuwa mtu wa Tanga, na jina la Tluway lilimshinda kabisa. Leo anaita "Turuwai", kesho "Kuluwai", darasa zima linacheka. Siku moja marehemu akasimama kwa heshima zote, akasema, "Shikamoo mwalimu. Weka ulimi pembeni, kama unamwita punda." Alichapwa. Lakini mwenyewe alipenda kukisimulia kisa hicho, na mama anasema kila akikisimulia alikuwa anamwita punda kweli, mpaka punda wa jirani anageuka.

Baada ya shule alichunga mifugo ya nyumbani, kisha mwaka 1964 akajifunza uashi kwa mafundi wa misheni. Kanisa letu la zamani, lile ambalo sasa ni ghala, kuta zake ni mikono yake. Madarasa mawili ya kwanza ya shule yetu pia. Na ile ofisi ya kijiji, ya mawe, ambayo mmeipita mkija hapa, aliijenga mwaka 1975 bila kuweka ufa hata mmoja. Ofisi hiyo nitairudia.

Tarehe 10 Julai 1971 alifunga ndoa na mama yetu, Evaline, wakajaliwa watoto wawili: mimi, mwaka 1973, na mdogo wangu Joakimu, mwaka 1976. Mama anasema mume wake hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Akikasirika alikwenda nje kupanga mawe. "Ndiyo maana uzio wetu ulikuwa mrefu," anasema mama, "nilikuwa na mdomo."

Vita na Uganda vilipoanza, marehemu alikuwa tayari amepitia mafunzo ya mgambo. Mwezi Novemba 1978 aliondoka na wenzake kwa lori kutoka Mbulu. Siku hiyo alikuwa anajenga ukuta wa jiko, umefika kiunoni. Aliuacha mwiko wake wa uashi juu ya ukuta, akamwambia mama, "Usiuondoe hapo. Nikirudi nitaumalizia." Ukuta ule upo mpaka leo, kimo cha kiuno. Mama hajaruhusu mtu yeyote kuongeza jiwe.

Waliorudi walirudi. Waliokufa, taarifa zao zilifika, wakasomewa Misa. Baba yetu hakuwa huku wala kule. Ndipo mwaka 1980, katika mkutano wa hadhara mbele ya ofisi aliyoijenga mwenyewe, mwenyekiti wa wakati ule akasema maneno ambayo wengi mliopo hapa mliyasikia kwa masikio yenu: "Kama hayupo kwa wafu na hayupo kwa waliorudi, yuko wapi? Huyo ni mtoro. Amepata mwanamke wa Kampala." Watu walicheka. Mama alikuwa amesimama pale, Joakimu amemshika nguo.

Kuanzia siku hiyo marehemu akawa mtoro. Mimi shuleni nikaitwa mtoto wa Kampala. Nikikosa madaftari, wanasema, "Mwandikie baba yako, Kampala kuna maduka." Joakimu alipigana mpaka akavunjwa jino, na alipoadhibiwa hakuna aliyeuliza alikuwa anatetea nini.

Lakini sisi tulikuwa watoto, tulikua yakapita. Mama hayakumpita. Alipokwenda kukaa na wajane wa parokia, wakamwambia, "Evaline, wewe mume wako yupo, usijitafutie kifo cha mwenzio." Tulipotaka kufanya matanga, wazee wa ukoo wakasema hatulii mtu aliye hai. Kila mwaka tarehe mbili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, mama aliandika jina la mume wake kwenye karatasi, akalitia ndani ya bahasha kama wenzake. Kila mwaka katekista alisoma majina yote, hilo akaliruka. Siku moja mama akamfuata nyuma ya kanisa, akamwambia, "Umelisahau jina langu." Akajibiwa, "Mama, hatuwezi kumdanganya Mungu." Mke wa mtu hakuwa, mjane hakuwa. Miaka yote hiyo mama yetu hakuwa na neno la kuitwa.

Tulipokua, mimi na Joakimu tulikwenda na mama kuuliza habari zake jeshini. Tulitumwa ofisi hii, tukatumwa ile. Kijana mmoja wa ofisini, hata shikamoo hakumpa mama, alisema, "Hakuna askari wa jina hilo. Labda aliwadanganya anakwenda vitani."

Machi mwaka jana mama aliugua kifua, tukampeleka hospitali ya Haydom, akalazwa. Kitanda cha pili alikuwa Mama Hajira wa Katesh, na mume wake, Mzee Idrisa Saleh, alikuwa amekuja kumwona. Mvua ikaanza kupiga bati. Mama akatazama dirishani, akasema neno moja tu, "Tluway."

Mzee Idrisa akaweka chini chupa ya chai. "Mama, umesema neno gani?"

"Samahani baba. Nimesema mvua, kwa Kiiraqw."

"Lirudie."

Mama akalirudia. Mzee naye akajaribu, likamshinda. Akajaribu tena, akaanza kucheka, na machozi yanamtoka. "Ulimi pembeni," akasema, "kama unamwita punda."

Mama alinishika mkono mpaka nikaumia. "Baba, hayo maneno umeyatoa wapi?"

"Vitani. Tulikuwa na Mmbulu mmoja, fundi wa mawe. Karani aliyekuwa anatuandikisha alishindwa jina lake. Akamwuliza, maana yake nini? Akajibu, mvua, afande. Basi akamwandika Yona Mvua, na sisi wote tukamwita Mvua. Mtu mpole sana yule. Wewe unamjua?"

Mama akasema, "Ni mume wangu."

Mama Hajira, mgonjwa vile, aliinuka kitandani akaja kukaa na mama. Mzee Idrisa akatueleza yote bila haraka. Kwa heshima yake yuko hapa leo, ameketi pale mbele, na kama nimekosea neno atanisahihisha.

Wasifu huwa na sehemu ya ugonjwa. Marehemu hakuugua. Alifariki tarehe 4 Machi 1979, ng'ambo ya mto Kagera, akiwa na umri wa miaka thelathini. Barabara ilikuwa imekatika, magari hayapiti, akaitwa Mvua apange mawe kwenye mtaro. Alikuwa anapanga mawe bomu lilipoanguka. Mzee Idrisa na wenzake walimzika hapo hapo kando ya barabara, wakaweka alama ya mawe ambayo, mzee anasema, "mwenyewe angeibomoa aijenge upya, tulipanga vibaya sana." Mama alicheka kwa hilo. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka huku analia.

Tuliporudi kuuliza kwa jina la Yona Mvua, alionekana mara moja kwenye orodha, pamoja na tarehe. Tukaulizwa, "Mbona ndugu zake hawakujitokeza?" Tulijitokeza! Tulijitokeza kwa jina alilopewa na baba yake. Kisha tukaambiwa jambo lililonifanya niombe kiti. Mwaka 1979 taarifa ya kifo chake ililetwa. Ilifika Harqamo, ndani ya ofisi ya kijiji, na ikarudishwa na jibu: hapa kwetu hakuna mtu anayeitwa Mvua.

Ndugu zangu. Karani yule aliyemwandika nimemsamehe, alikuwa mgeni wa lugha yetu. Lakini ofisi ile ilikuwa na watu wetu. Walizaliwa na Kiiraqw mdomoni. Mvua ikinyesha kwenye bati la ofisi ile walisema nini, kama si tluway? Mtu wao yuko vitani, anaitwa Mvua kwa lugha yao, na mafundi wa kijiji hiki kizima wanamjua, nao wakaandika hakuna. Hawakuuliza hata mlango wa pili. Halafu mwaka uliofuata wakasimama mlangoni, wakamwita mtoro mbele ya mke wake. Mwenyekiti yule sasa ni marehemu. Jina lake husomwa kila tarehe mbili Novemba, na mama huitikia Amina. Mimi ilinishinda. Amri ya nane, usiseme uongo, tulifundishwa wote katika kanisa moja.

Hata kwa mazishi haya wapo waliosema haiwezekani kuzika mtu asiyekuwepo. Mama akawajibu, "Mlimsema akiwa hayupo. Mzikeni akiwa hayupo." Kwa hiyo mjue kilichomo ndani ya sanduku hili. Ni udongo ambao Joakimu aliuchukua ng'ambo ya Kagera, pale Mzee Idrisa alipomwelekeza, na mwiko wa uashi. Mama ameutoa juu ya ukuta kwa mkono wake mwenyewe asubuhi hii.

Leo ni tarehe 2 Novemba 2024. Katika Misa mmesikia jina la Yonas Tluway Qamara likisomwa, na halikurukwa. Msalabani limeandikwa hivyo hivyo, kwa herufi zake zote. Nawaomba mnaotoka hapa mkapite majumbani mwenu, kwa wazee wasioweza kutembea, na kwa watoto waliolirithi lile neno la Kampala bila kujua lilikotoka, mkawaambie. Mlilitangaza lile kwa sauti. Na hili mlitangaze kwa sauti.

Marehemu ameacha watoto wawili, Fransiska na Joakimu. Wajukuu sita, wakiwemo Glory, Brightness na Wolfgang watakaoweka maua. Kitukuu mmoja aliyezaliwa Agosti, ambaye tumemwita Tluway. Na rafiki mmoja wa vitani, Mzee Idrisa Saleh.

Na ameacha mjane. Mama Evaline, simama kidogo watu wakuone. Huyu ni mjane wa Yonas Tluway Qamara. Wanawake wa kikundi cha wajane, mfanyieni nafasi kwenye benchi lenu.

Baba, apumzike kwa amani kila aliyekwenda na wewe. Na wewe upumzike kwa jina lako.