Tulimkuta Bado Anapumua

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Mimi ni Mzee Komba wa Msamala. Nimesimama hapa kwa sababu Mungu amenitoa mahali pabaya, na mahali penyewe palikuwa ndani ya chama chetu hiki hiki cha huruma.

Ninyi mliokuja leo kujiunga, ni vizuri mjue tangu mwanzo kwamba chama chetu kina watu wa misiba, watu wa wagonjwa na watu wa yatima, na hatuvuti upande mmoja. Huyu akisema ada ya shule kwanza, yule anasema maiti haisubiri. Mimi nilikuwa wa misiba, na ndiye niliyepewa kazi ya kuwapokea wapya. Kila aliyekuja nilimwambia kwamba hayo mengine yapo, lakini kazi yenyewe ni mazishi. Nikamvalisha kitambaa chetu cha kijani shingoni, nikampeleka kuchimba kaburi au kusonga ugali wa msibani. Sitawaficha sababu. Mazishini watu wanakuona. Unashukuriwa mbele ya umati. Ukimwogesha mgonjwa chumbani kwake, nani anajua?

Hivyo upande wa wagonjwa ukabaki na kina mama wawili, wazee kama mimi. Walinifuata kwa ajili ya Baba Festo, fundi baiskeli wa kule bondeni. Kidonda cha mguu kilikuwa kimemlaza, na kwake bajaji haishuki. Walitaka vijana wanne tu wa kumbeba hadi barabarani apelekwe hospitali. Nikasema vijana wangu wana msiba. Wakaja tena. Nikawaambia wasubiri.

Jumapili moja nilikuwa nawaeleza wapya kazi zetu, wote tumevaa vitambaa, ndipo mama mmoja kati yao, muuza ndizi, Salome, akanyoosha mkono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Hivi mtu akiwa bado anapumua, ninyi mnamfanyia nini?"

Watu wakacheka. Nikamjibu, "Tunamwombea, mwanangu."

"Na mkishamaliza kumwombea?"

Nilikasirika. Ili kumnyamazisha nikasema tuondoke wote saa hiyo hiyo, twende kwa Baba Festo, akaone kama hatujali wagonjwa. Tukateremka bondeni, kundi zima.

Tulipiga hodi, hakuna aliyeitika. Mgonjwa alikuwa usingizini ndani, na mkewe alikuwa ameenda kuteka maji. Tukasimama mlangoni kumsubiri. Mama Festo akatokea na ndoo kichwani. Akaona vile vitambaa vya kijani mlangoni kwake. Ndoo ikaanguka.

"Nimemwacha anakunywa uji!" alilia. "Jamani, nimemwacha anakunywa uji!"

Ndugu zangu, sikupata hata nafasi ya kufungua mdomo. Majirani walifika kama maji. Mmoja ana mkeka, mwingine anatoa viti sebuleni, wanawake wameshika vichwa. Bwana mmoja akanivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee Komba, tunamzika hapa au kwao Mbinga?" Na mimi, Mungu anisamehe, kwa mazoea nikaanza kufikiria.

Ndipo tukasikia sauti kutoka chumbani.

"Mama Festo. Nani amekufa?"

Aliyeshika mkeka akauweka chini.

"Mbona hamnijibu? Ni mimi?"

Nimezika watu wengi katika mji huu wa Songea, sijawahi kuulizwa swali kama lile. Mtu aliye hai alikuwa anatuuliza sisi kama yeye amekufa, na sisi tulikuwa tumekuja tumevaa kifo chake.

Mkewe akakimbilia ndani. Alipotoka hakuwa analia tena. Alinitazama, akasema, "Baba, mtusamehe. Ninyi mkija kwa mtu tunajua amekwisha."

Mimi ndiye niliyekuwa nikiombwa msamaha! Sikuweza kumtazama.

Salome alikuwa ameshajifunga khanga kiunoni. "Kina baba, si mmekuja kubeba? Ingieni mbebe. Ila huyu mkimgongesha mlangoni atawasema."

Wakacheka huku wanafuta machozi. Wanaume waliokuja kuchimba kaburi wakafunga ule mkeka kwenye miti miwili, tukapanda nao kilima. Nami nilishika kona moja. Katikati ya njia Baba Festo akaniita, "Mzee Komba, polepole. Mimi bado nasikia maumivu."

Hospitalini waliokoa maisha yake, lakini mguu ulikatwa chini ya goti. Ulikuwa umeharibika wakati mimi nasema wasubiri. Nilimwendea nyumbani kumwomba radhi. Alikuwa kwenye kigoda, baiskeli mbele yake. Aliendelea kukaza spoki, mpaka nikageuka niondoke. Kisha akasema, "Nishikie hili gurudumu." Nikakaa chini, nikalishika mpaka akamaliza.

Namshukuru Mungu aliyeniaibisha kabla sijafa. Wageni wetu, tutaendelea kuzika, maana kuzika nako ni huruma, na yatima watasoma. Chagueni upande ambao Mungu atawawekea moyoni. Lakini asitokee mtu, hata mzee kama mimi, akawafundisha kwamba Mungu anatazama upande wake tu. Mwaminini Yeye, atawaonyesha pa kuanzia.

Tukitoka hapa mimi nakwenda Mjimwema kwa bibi mmoja aliyepooza. Anatakiwa kuogeshwa na kugeuzwa, na mgongo wangu hauwezi peke yake. Nahitaji watu wawili. Nitawasubiri pale mlangoni.