Benard Oluoch na Mpiga Tarumbeta Wake

Marehemu Benard Oluoch alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958 huko Laini Saba, Kibera, akiwa kitinda mimba wa mzee Simeon Oluoch na mama Filister, ambao wote wamezikwa hapa Ugenya. Mzee Simeon alikuwa mtunza bustani wa Wazungu fulani mtaani Woodley. Walipohama mwaka wa 1966 walimwachia boksi la vitu vya kuchezea: ngome ya plastiki, farasi, na kikosi kizima cha askari wa kijani wenye kimo cha kidole. Kila jioni mzee alilala kifudifudi sakafuni, nyasi zingali zimemganda kwenye suruali, akapigana vita na mwanawe mpaka chakula kiive. Benard alimpenda mpiga tarumbeta kuliko wote, maana baba ndiye aliyempigia ile tarumbeta kwa mdomo.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kibera, akamaliza darasa la saba mwaka wa 1972. Mwaka uliofuata, moto ulioanzia kwa majirani uliteketeza nyumba yao pamoja na lile boksi. Mzee Simeon naye akafariki mwaka huohuo, na masomo ya Benard yakaishia hapo.

Alijifunza kazi ya bati, na tangu 1974 alitengeneza masanduku ya wanafunzi wa bweni katika kibanda chake kando ya reli. Siku moja mwaka wa 1989, akipita soko la Toi na dada yake Jael, anayewasomea wasifu huu, aliona askari wa kijani chini ya rundo la viatu vya mitumba. Alichuchumaa akalia palepale, mwanaume mzima, wateja wakimruka. Kuanzia hapo kila Jumamosi alikuwa Toi akiwatafuta wengine, na wauzaji wakambandika jina.

"Jenerali, leo iko farasi, lakini haina miguu!"

"Leta tu. Nitaiwekea ya bati."

Alikuwa amemwoa Wangoi tarehe 20 Disemba 1986. Walipanga chumba huko Kabiro, Kawangware, kwenye ploti ya baba mkwe, mzee Ephantus Waithaka, ambaye tunaye leo, amekaa kiti cha mbele. Ndugu za Benard walimkanya kwamba mwanaume wa kwetu hakai kwa wakwe. Benard alicheka tu. Laiti angesikia.

Jumamosi tarehe 11 Machi 1995 alimpata mpiga tarumbeta, amevunjika kisimamio. Alirudi nyumbani na furaha isiyojua kunong'ona, na ukuta wa chumba kile ulikuwa wa mabati. "Wangoi, leo sanamu zangu zimetimia!" Neno ni hilo tu. Angesema toi, kama watoto wanavyoviita vitu vya kuchezea, hakuna ambaye angegeuza shingo. Lakini miaka ile mji mzima ulikuwa ukiongea habari za waabudu shetani, na mzee Waithaka, kiongozi wa kanisa, aliposikia sanamu alisikia amri ya pili ya Mungu, ile ya kukataza kuziabudu. Kesho yake, Benard akiwa kibandani, mzee alifika na wenzake wa maombi, na mafuta taa mkononi.

"Baba, hizo ni toi za kuchezea," Wangoi alimsihi.

"Mtu mzima anacheza na nini? Kwa ploti yangu sanamu haitalala."

Waliwachomea askari nyuma ya vyoo huku wakiimba. Plastiki ikayeyuka ikawa uji wa kijani. Sauti zilizoimba siku ile ndizo zilizotuimbia asubuhi hii. Moto wa kwanza hatukumjua mwenyewe. Wa pili tunamjua, na tumempa chai.

Benard hakugombana na mtu. Aliacha tu kwenda Toi, akaacha na kucheka. Mwaka wa 1997 akaanza kukohoa. Daktari alisema ni kifua kikuu, kanisa likasema ni zile sanamu. Mzee Waithaka alikwenda kumwona kitandani, na hata pole hakusema.

"Bado kuna sanamu kwa hii nyumba?"

"Imebaki moja, Mzee," Benard alimjibu. "Ni mimi."

Alifariki Jumatano tarehe 3 Juni 1998, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Wangoi.

Marehemu ameacha mjane, Wangoi, mabinti, Adhis na Njambi, dada, Jael, na askari mmoja. Siku ile ya moto mpiga tarumbeta alikuwa kibandani, akitiwa kisimamio cha bati. Benard alimficha ndani ya soksi mpaka mwisho wake. Leo asubuhi Wangoi amemtia mfukoni mwa koti la mumewe, kisha akasimama kando ya jeneza mpaka msumari wa mwisho ulipogongwa. Mzee Waithaka asijisumbue kutafuta.

Pumzika kwa amani, Benard, ubavuni mwa baba. Jioni ikifika, atakupigia tarumbeta kwa mdomo.