Mwalimu Jerusa Akumu na Pasipoti Kumi na Moja

Mwalimu Jerusa Akumu Oketch, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 12 Agosti 1976 katika zahanati ya shamba la chai nje kidogo ya mji wa Kericho. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Oketch Owino, aliyefanya kazi kwenye boila ya kiwanda kwa miaka thelathini na mmoja, na Mama Sellah, ambaye tuko naye hapa.

Alisoma shule ya msingi ya pale shambani, akafanya mtihani wa KCPE mwaka wa 1990 na kumaliza kidato cha nne mwaka wa 1994. Hesabu ilimkaa kichwani mapema. Asubuhi alihesabu mistari ya michai kutoka mlangoni kwao hadi darasani, na mtu akimkatiza kwa salamu alirudi nyumbani kuanza upya. Alichelewa shule mara nyingi kwa sababu hiyo. Mwaka wa 2000 alihitimu shahada ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Moi.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika sekondari moja karibu na Merigi. Huko ndiko alikokutana na Mwalimu Kipkirui wa Sosiot, aliyefundisha kilimo. Walifunga ndoa kanisani tarehe 18 Desemba 2004, na Mungu akawajalia Chelimo na Kiplangat.

Mwaka wa 2011, baada ya kushauriana na mumewe, Jerusa alikwenda kufundisha katika shule ya kibinafsi nchini Thailand. Kipkirui alibaki na watoto, akajifunza kumsuka Chelimo. Mistari ilipinda, lakini mtoto alifika shuleni akiwa amesukwa.

Huko ng'ambo mambo hayakuwa yale aliyoahidiwa. Siku ya kwanza tu, mwalimu mkuu alichukua pasipoti yake, akisema ni ya kushughulikia viza, akaifungia kabatini pamoja na za walimu wengine wageni. Alimwambia pia kwamba wazazi wakimuuliza, aseme ametoka Uingereza. Jerusa aliingia darasani akaandika ubaoni jina lake kamili na neno Kericho, kisha akachora ramani. Kwa hilo aliondolewa darasani muhula mzima, akawekwa langoni kusimamia watoto wakishuka magarini. Alirudishwa wazazi walipoanza kumuulizia.

Jumanne tarehe 4 Februari 2014 alipigiwa simu kwamba Mzee Oketch amefariki, na angezikwa kwao Nyakach tarehe 15. Alikwenda kuomba pasipoti. Mwalimu mkuu akamjibu kwamba wiki ile kulikuwa na mitihani, na babake hangefufuka kwa yeye kusafiri.

"Sikuomba ruhusa ya kumfufua," Jerusa akamwambia. "Nimeomba pasipoti yangu."

Alipokataliwa, aliketi sakafuni kwenye veranda, nje ya ofisi. Wa kwanza kumfuata alikuwa Ratemo, kijana wa Kisii aliyefundisha sayansi. Akaja Marisel kutoka Ufilipino, kisha mmoja mmoja, mpaka walimu wote wageni kumi na mmoja wakawa wamejipanga ukutani, na wanafunzi wanachungulia madirishani. Mwalimu mkuu akatishia kufuta viza zao. Jerusa alimjibu kwa upole.

"Pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa. Hapo kabatini umefungia mali ya serikali tano. Tungependa kuzipigia simu balozi zetu tukiwa hapa hapa."

Kabla ya saa sita mchana kabati lilifunguliwa. Pasipoti zote kumi na moja zilitoka. Marisel hakuwa ameishika yake kwa miaka minne, na aliibusu. Jerusa alifika nyumbani siku mbili kabla ya mazishi, akamzika babake.

Aliporudi Thailand mwezi Machi alitarajia kufutwa kazi. Badala yake alikuta maafisa wa kazi wamefika, mwenye shule amemwondoa mwalimu mkuu, na kandarasi mpya zimeandikwa. Mwaka wa 2016 aliteuliwa mkuu wa idara ya hesabu, na hapo aliwaongoza wenzake mpaka aliporejea nyumbani kwa hiari yake mwaka wa 2019.

Sosiot ilimpokea vizuri. Alifundisha siku za wiki, na kila Jumamosi alikaa kanisani akiwasomea kandarasi vijana waliotaka kwenda ng'ambo. Waliopita mikononi mwake ni zaidi ya mia mbili.

Novemba 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Alitibiwa Eldoret, akarudi darasani mara mbili. Jumamosi tarehe 8 Machi 2025, Jerusa akiwa kitandani, msichana wa jirani, Dorine, alimletea kandarasi ya kufundisha ng'ambo. Jerusa alikata kwa kalamu nyekundu kipengele cha saba, kilichosema mwajiri atakaa na pasipoti, akamwambia asisaini hadi kiondolewe. Siku iliyofuata, Jumapili alfajiri, alilala katika Bwana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Kipkirui.

Ameacha mumewe Kipkirui. Watoto wake Chelimo na Kiplangat. Mamake Mama Sellah. Ndugu zake Calvince na Maxine. Wakwe, wanafunzi na marafiki wengi. Dorine yuko nasi hapa. Kipengele cha saba kiliondolewa, na anasafiri Jumanne na pasipoti yake mkononi.

Umefanya kazi yako, Mwalimu. Lala salama.