Nani Atamwonyesha Mzee Khisa Kamabeka

Kijiwe chetu cha Kanduyi kina benchi moja na birika moja, lakini wajuaji ni wengi. Siku moja mwaka wa 2006 walipata kazi. Mzee Khisa, fundi wetu wa viatu, alikuwa amepoteza macho miaka sita nyuma, na kesho yake binti yake Wilkista angecheza kamabeka, ile ngoma yetu ya kutikisa mabega, kwenye mashindano ya shule huko Kitale. Mwalimu wa Wilkista alitoa nafasi mbili za watazamaji: moja ya mzee, nyingine ya mtu wa kukaa kando yake amweleze kinachoendelea. Hapo vita vikaanza, na mimi nilivifurahia sana.

— Ni mimi, akasema Refa, aliyewahi kupuliza kipenga uwanjani. Nitatangaza kama mpira wa redio. Wilkista na bega la kushoto! Anapasia la kulia! Hatariii!

— Ati hatari? Si ni densi, bana! akasema Betri, fundi wa redio. Mzee asikie na ngozi. Nitamgonga mgongoni, kila bega na upande wake.

— Utamvunja mbavu.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, si mbavu!

Rispah, muuza kahawa, akaweka birika chini.

— Na rangi je? Sketi ikiwa nyekundu, nampea pilipili atafune. Ikiwa kijani, sukuma wiki.

— Na nyeupe? akauliza Betri.

— Ugali!

— Mama, hiyo ni densi ama ni harusi?

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!

Jembe liliingiaje hapo, hata Rispah mwenyewe hakujua.

— Wacheni mchezo kidogo, akasema Mzee Khisa. Mara ya mwisho kuona huyu mtoto, alikuwa na pengo mbele. Kesho sitaki kukosa hata bega moja. Naogopa, jamani.

Tulimwonea huruma, lakini si kwa muda mrefu.

— Ndio maana nitaongea bila kupumua! akasema Refa.

— Na mimi nigonge bila kupumzika!

— Na mimi nilishe!

Wilkista alikuwa amekuja kumchukua baba yake, bado akiwa na sare ya shule. Alisimama akatusikiliza wote.

— Sasa mkifanya hivyo, baba atasikia ngoma saa ngapi?

Betri aliangalia mikono yake. Mzee Khisa alicheka mpaka akashika benchi.

— Kwani hapa kuna mtu anaweza kunyamaza? akauliza.

Tukapiga kelele sote pamoja:

— Mimi!