Herufi Tano Kwenye Dashibodi

Benchi lilikuwa nje ya duka la vipuri, na asubuhi hiyo waliolikalia ni wale wale: Redio, ambaye habari haimpiti, Bima, aliyewahi kuuza bima na hadi leo akikutazama anaona ajali inayotembea, na muuza kahawa na birika lake. Mwishoni alikaa Gia, mwanamke dereva wa teksi, amepakata ubao wa dashibodi ya gari lake. Mti halisi huo, uliokuwa uking'aa hadi abiria wanajitazamia humo. Sasa ulikuwa na neno lililochimbwa kwa ncha ya ufunguo: LANGU. Aliyelichimba ni mtalaka wake. Na gari Gia alilinunua mwenyewe, kabla hata hawajajuana.

— Paka dawa ya meno, alisema Redio. Mikwaruzo yote kwisha.

— Huu si mkwaruzo, Redio. Ni mfereji.

Vanishi ya zamani alikuwa ameshaibandua. Sasa alipitisha msasa laini polepole, akifuata mishipa ya mti, maana ukikazana mahali pamoja tu, unaacha shimo.

— Bandika stika ya maua, alisema muuza kahawa. Nani atajua?

— Mimi nitajua. Niendeshe kutwa nzima na maneno yake yamejificha chini ya maua? Sitaki.

Bima akatikisa kichwa.

— Ningekuwa wewe ningeliacha. Akikuta limefutwa, atachora boneti.

— Achore. Nami nitafuta.

— Msikilizeni huyu! Redio alidakia. Kuna jamaa alifuta maandishi kama hayo, gari likagoma kuwaka mwezi mzima. Hasira ya mtu inapita kwenye ufunguo, inaingia kwenye nyaya, inakaa kwenye betri.

— Basi ang'oe betri, alisema muuza kahawa.

— Ang'oe betri ya nini? alisema Bima. Achonge SI mbele yake. Isomeke SI LANGU. Jamaa amejikana mwenyewe!

Wakacheka hadi kahawa ikamwagika. Gia naye nusura acheke. Vidole vilikuwa vinawaka moto, lakini L ilishatoweka, na A ukiitafuta huioni.

Msasa ulipokuwa unamalizia G, akafika muuguzi mmoja aliyehamia mtaa huo karibuni, akitafuta teksi ya kumpeleka kazini. Akauinamia ule ubao.

— Pole, dada. Walikuchorea wapi?

— Hapo hapo gari lilipo! Redio alijibu kwa niaba ya Gia. Gia kaingia dukani kununua plagi. Jamaa kaja, kafungua mlango, kakaa, kachora bila haraka. Alipomaliza akapuliza unga, akaenda zake.

— Mlimwona?

— Tulimwona vizuri kabisa!

Muuguzi akalitazama gari, kisha benchi. Mtu angenyoosha mguu tu, angegusa tairi.

— Sasa nyinyi mlifanya nini?

Muuza kahawa akaanza kufuta birika lililokuwa safi. Gia alisimamisha msasa. Swali hilo alikuwa nalo kooni tangu siku ile, akilimeza kila asubuhi, kwa sababu hawa ndio watu wake wa kukaa nao. Leo hakulimeza, wala hakuwaokoa. Aliwatazama mmoja mmoja, akangoja.

— Tulidhani ni mambo ya mke na mume, Bima alinong'ona.

Hakuna aliyemuunga mkono. Hata yeye mwenyewe hakuyarudia maneno hayo. Akanyoosha mkono.

— Lete msasa, nikusaidie.

— Siku ile ndiyo nilihitaji mkono, Bima.

Akapuliza unga wa mti, ukatua kwenye suruali zao, hakuna aliyejipangusa.

— Nisubiri kidogo, dada. Imebaki U.

Wanaume wakasogeleana kumpisha muuguzi akae, na hakuna aliyeomba kahawa tena.