Kichupa cha Mama na Transfoma ya Magoma

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya. Viongozi wetu wa dini. Wahandisi mliotoka mbali. Wazee wangu wa Magoma mlioamka alfajiri kuja huku Handeni, shikamooni. Ndugu wageni waalikwa. Nawe mwenye shughuli, Mhandisi Joyceline, unayetuaga leo baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mimi ni Kibwana, mlinzi wa transfoma ya Magoma. Nimepewa dakika tano nimsifu mhandisi, kisha nikae. Kumsifu nitamsifu. Kuhusu kukaa, nadhani nikimaliza mtanichagulia nyinyi pa kunikalisha.

Mhandisi alitufundisha kwamba transfoma imejazwa mafuta ili umeme usirukie pasipotakiwa, na kwamba adui wa mafuta hayo ni maji, hata tone. Sasa nawauliza: transfoma zilizokuja lori moja na ya kwetu ziko wapi? Zimeungua zote. Ya Magoma ina miaka ishirini na minane na bado inanguruma. Na ngurumo yake mnaijua. Watoto wanasema ni bibi anayembembeleza mjukuu. Mimi niliyekaa chini yake mchana kutwa nilisikia hivyo hivyo, nikawa nakohoa makusudi nisiisikie.

Mhandisi alipoyapima mafuta yake alikuta robo hayakutoka kiwandani. Akaniuliza mbele ya watu, "Mzee Kibwana, nani ameongeza mafuta humu?" Nikamjibu, "Mhandisi, mimi nalinda, sifungui." Akaniamini, na hilo ndilo linaloniuma. Kwa miaka tisa amejaribu mafuta ya alizeti, ya pamba, ya nyonyo, na kila mara cheche zimeyapenya. Katika daftari lake kuna ukurasa wenye swali moja tu: nani wa Magoma, na aliyatengenezaje? Kwa kukosa jibu hilo, mwisho wa mwezi huu karakana yake ya utafiti inafungwa, na Yusra, binti aliyemfundisha kazi kwa mkono wake, anarudi kwao Segera kuuza machungwa. Mtu anaaga kazi ya maisha yake huku mlinzi mmoja amekalia jibu. Je, hiyo ni haki?

Ndugu zangu, nilifungua mimi.

Mama yangu, Bi Hafsa, alisumbuliwa na magoti. Msinitazame hivyo! Wangapi humu wamejipaka mafuta ya transfoma wakidhani ni dawa? Mvua ilikuwa imeangusha nguzo, umeme haukuwepo siku mbili. Nikafungua koki ya chini, nikajaza dumu. Mama akapakwa, akashukuru, kisha akauliza yametoka wapi. Nikamwambia. Akasema, "Kibwana, umechota kwenye chombo cha watu, unakiacha kitupu? Mimi nimekulea hivyo?"

Kwetu Wazigua, jirani akikuletea mboga, bakuli lake linarudi na kitu, hata kama ni chumvi. Basi mama akachuma nyonyo, akazikaanga, akatwanga, akachemsha, akaengua mafuta, akayaanika juani siku saba. Kila jioni alidondosha tone kwenye kaa la moto. Likilia, yanarudi juani. Siku tone liliponyamaza, ndipo aliponipa dumu. "Peleka," akasema. Nikangoja umeme ukatike tena, nikapanda, nikamimina. Nilichota mara nne, na mara nne mama alirudisha.

Mhandisi, jibu lako ndilo hilo. Kinacholia motoni ni maji. Wewe ulinunua nyonyo dukani; mama alikuwa na subira na kaa la moto. Yusra, andika, mwanangu, na uandike jina lake: Hafsa binti Mustafa, wa Magoma.

Lipo jingine, na hili sikumudu kulibeba peke yangu.

Siku ya tatu baada ya kumzika mama, Mhandisi alikuja pale zahanati ya Magoma, transfoma yetu ilipo, kuwaonyesha watu kazi yake. Alichukua mafuta ya transfoma yetu, akayachanganya na vumbi la chuma laini kuliko unga, akayatia kwenye bakuli la kioo, lile lile lililoko hapo mezani leo. Ukisogeza sumaku, mafuta yale meusi husimama miiba mwili mzima kama nungunungu. Sumaku yenyewe ilikuwa bado ndani ya gari. Nikasogea kutazama. Mafuta yakasimama, na miiba yote ikanielekea mimi.

Mhandisi alicheka. "Mzee, una ile tochi yako yenye sumaku mfukoni." Nikasema, "Ndiyo, Mhandisi." Akaandika: tochi.

Leo nasema kweli. Tochi niliiacha nyumbani. Mfukoni nilikuwa na kichupa cha mama tu, kimebaki na mafuta vidole viwili, yale niliyoiba. Kioo na mafuta. Sumaku iko wapi hapo? Tangu siku ile sijalisogelea bakuli hilo, ndiyo maana leo nimezungumzia huku mlangoni mkadhani ni unyenyekevu.

Mheshimiwa, adhabu nitaipokea. Ila kwanza nirudishe nilichobakiza, maana mama hakuwahi kunilea vingine. Kichupa hiki hapa. Nipisheni njia. Taratibu, magoti yangu nayo sasa yameanza kama yake.

Naona walio mbele hamnitazami tena, mnatazama bakuli mezani, miiba yake ikinielekea. Mhandisi, usiinuke, na usiniulize tochi. Nimetoa mifuko nje, wote mnaiona.

Mama, nimefika. Pokea chombo chako.

Mhandisi Joyceline, nenda kapumzike, na unisamehe. Nanyi nyote, kwa kunivumilia na kunisikiliza mpaka hapa, asanteni sana.